Kumweka punda kwa mlezi: mwongozo kamili kwa wenye punda wa Dodoma na majirani zake

Siku hiyo huja bila kupiga hodi. Umehamishiwa kazi mjini, au eneo ulilokuwa ukimfunga punda limepimwa viwanja, au mzee aliyekuwa akimwangalia nyumbani amezidiwa na umri. Tangu Dodoma itangazwe kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, nyumba zimezifuata barabara zote zinazotoka mjini, na mahali pa kuchungia pamerudi nyuma mwaka hadi mwaka. Basi punda anatafutiwa mtu wa kumlea, huko Mvumi, Bahi, Hombolo au Chamwino. Wewe unabaki mjini, unatuma pesa kwa simu, na kila Jumapili unauliza, "Punda hajambo?" Unajibiwa, "Hajambo, mzima kabisa."

Jibu hilo niliishi nalo miezi minne. Nilikuwa nimemweka punda jike kwa mtu ninayemheshimu, rafiki wa familia. Nilipokwenda mwezi wa kumi nilimkuta na kidonda mgongoni chenye ukubwa wa kiganja, mifupa ya nyonga imechomoza, na hakuinua hata masikio aliponiona. Mlezi yule si mtu mbaya. Tulikuwa tumekubaliana "amtumie kidogo" badala ya kulipwa, na hakuna kati yetu aliyetamka kidogo ni kiasi gani.

Kuwagawa mifugo kwa ndugu na marafiki ili ukame au ugonjwa usimalize kundi lote ni desturi ya zamani kwa Wagogo, na imewafaa wengi. Lakini desturi hiyo ilijengwa juu ya ng'ombe. Ng'ombe humlipa mlezi kwa maziwa na samadi. Punda humlipa kwa mgongo wake, na mgongo una mwisho. Ndiyo maana makubaliano ya punda hayawezi kuwa nakala ya makubaliano ya ng'ombe.

Hatua ya kwanza: kubalianeni malipo, na zaidi ya yote kubalianeni kazi

Njia ni tatu. Unamlipa mlezi pesa kila mwezi na punda hafanyi kazi. Au hulipi kitu na mlezi anamtumia punda. Au mlezi anaahidiwa mtoto wa punda. Hiyo ya tatu huchelewa mno. Punda hubeba mimba kwa miezi 12 hivi, mara nyingine zaidi, na kwa kawaida huzaa mmoja tu. Mlezi anaweza kukaa miaka miwili au mitatu kabla hajaona chochote, na kabla ya hapo ataanza kumfunga mzigo, kwa sababu na yeye ana watoto wa kulisha. Ukiichagua njia hiyo, ongeza pesa kidogo ya kila mwezi.

Wengi tunaangukia njia ya pili, na haina ubaya wowote ikiwekewa mipaka inayohesabika. Maneno kama "kidogo", "kwa busara" na "asimchoshe" yaondoe. Taja madumu, taja saa, taja siku.

Punda wetu wa kawaida aliyekomaa ana kilo 130 hadi 160. Mgongoni abebe karibu theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50 hivi. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na zaidi kidogo. Kwa hiyo madumu mawili ni mzigo wa haki. Madumu manne ni zaidi ya kilo 80, zaidi ya nusu ya mwili wake, na ndio mzigo unaouona kila asubuhi kwenye njia za vumbi za visimani. Kwamba kila mtu anafanya hivyo hakuupunguzii mzigo hata gramu moja. Andika: madumu mawili.

Kwa mkokoteni anaweza kuvuta zaidi ya anavyobeba, njia ikiwa tambarare na mzigo ukigawanywa vizuri ili uzito usimlalie mgongoni. Hapo ukague kitu kimoja bila aibu: anafungwa kwa nini? Mlezi mwenye maksai mara nyingi humvisha punda nira ile ile ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo ya kusukumia nira, punda hana. Punda huvuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana wa kifuani uliotandikwa kitambaa cha pamba au gunia laini, usiobana koo wala kuchubua mabega. Kamba ya katani au ya nailoni ikigusa ngozi moja kwa moja, kidonda kinakuja ndani ya wiki.

Saa za kazi ziwe za asubuhi na jioni. Kuanzia saa sita mchana mpaka saa tisa akae kivulini. Kila wiki apate siku nzima ya mapumziko. Jike mwenye mimba asifungwe mzigo miezi mitatu ya mwisho, na baada ya kuzaa apewe miezi mitatu mingine. Aliye chini ya miaka mitatu hafanyi kazi kabisa.

Lipo sharti jingine ambalo watu husahau: mlezi asimkodishe wala asimwazime mtu mwingine. Mlezi mwenyewe huwa na huruma na punda anayelala kwake. Kijana aliyemkodi kwa siku moja ana safari zake za kumaliza, na kwake msemo wa "afe punda mzigo ufike" si msemo tena, ni utaratibu wa kazi. Vidonda vingi nilivyoviona kwa punda waliowekwa vilitoka kwa mtu wa tatu ambaye mwenye punda hakuwahi kumwona.

Hatua ya pili: mchague mlezi kwa kuwatazama wanyama wake

Usianze na maneno. Nenda kwake mchana, bila kutoa taarifa, utazame wanyama alionao. Mgongo wa punda hutunza kumbukumbu: nywele nyeupe zilizoota mabakamabaka kwenye mgongo na mabega ni makovu ya vidonda vya zamani. Baka moja ni bahati mbaya. Mgongo mzima mweupe ni tabia. Angalia kwato kama zimepinda mbele kama kiatu cha zamani. Angalia masikio kama yamekatwa kwa ajili ya alama. Mnyooshee punda wake mkono taratibu. Akirudi nyuma akitupa kichwa juu, amezoea kupigwa kichwani.

Kisha uliza maji yanatoka wapi mwezi wa kumi. Mwezi wa tatu kila mtu Dodoma ana maji. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili, karibu milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na baada ya hapo ni kiangazi cha zaidi ya nusu mwaka. Kama maji ya mlezi ni ya kuchimba kwenye mchanga wa mto uliokauka, muulize ni nani anayechota na mara ngapi kwa siku. Punda anahitaji lita 10 hadi 25 kwa siku kutegemea joto na kazi. Ni jambo la kusikitisha kwamba punda anayebebea kijiji maji mara nyingi ndiye anayekunywa mwisho.

Angalia anapolala. Fisi bado wapo katika vijiji vyetu vingi, na punda aliyefungwa kamba mguuni usiku hana pa kukimbilia. Zizi la miiba liwe refu na lifungwe mlango, au alale kwenye uzio ulioshikana na nyumba. Muulize na jirani wa mlezi, hasa wanawake mnaokutana nao kisimani. Wanaona kila kitu.

Hatua ya tatu: asiende peke yake

Punda hushikamana na mwenzake kwa namna ambayo wafugaji wa ng'ombe huidharau. Ukimtenga ghafla anaweza kugoma kula, na kugoma kula kwa punda ni jambo la hatari. Asipokula, mwili unayeyusha mafuta yake mengi na kuyamwaga kwenye damu, ini linazidiwa, na ndani ya siku chache anakufa. Walio katika hatari zaidi ni wanene, wenye mimba na wanaonyonyesha. Watu husema "punda amekufa kwa huzuni" na wenzao huona ni hadithi. Si hadithi, kuna njia inayoeleweka kutoka kwenye huzuni mpaka kwenye kifo.

Kwa hiyo, kama una punda wawili waliokua pamoja, waende wote. Kama una mmoja, mpeleke kwa mlezi mwenye punda wengine, na siku mbili za kwanza wawekwe karibu wakitenganishwa na uzio, wanusane kabla ya kuchanganywa. Mbuzi si mbadala wa punda mwenziwe, ingawa ni afadhali kuliko upweke.

Hatua ya nne: siku ya kumkabidhi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari mbili za kawaida, moja yako na moja ya mlezi, na siku hiyo muandike kila kitu mkiwa mmesimama mbele ya punda.

Chukua kamba isiyovutika. Izungushe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, ikipita nyuma kidogo ya mabega, isimlegee wala isimbane. Funga fundo pale ncha inapokutana na kamba. Pima kwa futi ya fundi cherehani na uandike. Punda mwenye mzingo wa sentimita 120 ana karibu kilo 150. Wa sentimita 110 ni karibu kilo 115 hadi 120. Hesabu hiyo ni ya kukadiria, lakini kamba yenyewe haikadirii. Kamba hiyo ibaki kwako. Ukija baada ya miezi miwili na fundo linapita ncha kwa vidole vitatu, hamna haja ya kubishana kama amekonda au hajakonda. Tangu nianze kutumia kamba, mazungumzo yangu na walezi yamekuwa mafupi na ya amani.

Piga picha kwa simu: kila upande, mgongo kutoka juu, kwato zote nne, uso, na ule msalaba mweusi wa mgongoni na mabegani, kwa sababu hautofautishi punda mmoja na mwingine ila ukiungana na makovu na rangi ya pua. Mtumie mlezi picha hizo pia.

Kabla ya kuhama, apate dawa ya minyoo kwa uzito sahihi. Mwombe daktari wa mifugo amchanje dhidi ya pepopunda. Lugha yetu yenyewe imeuita ugonjwa huo kwa jina lake, na kwa haki: punda na farasi huupata kwa urahisi kupitia msumari au kidonda kidogo cha kwatoni, na ukishika, kuponyoka ni nadra. Palipo na mbwa wengi wasiochanjwa na fisi, zungumzia pia chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukivuka wilaya moja kwenda nyingine, chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa mifugo. Mashaka yoyote ya damu au kinyesi yanaweza kupimwa Dodoma kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Hatua ya tano: kuandika makubaliano

Ukurasa mmoja unatosha. Andika majina, tarehe, alama za punda, mipaka ya kazi mliyokubaliana, chakula kinatoka kwa nani, dawa inalipwa na nani, na mlezi aruhusiwe kutumia kiasi gani cha pesa kumwita daktari kabla ya kukupata kwenye simu. Kipengele hicho cha mwisho kimeokoa punda wengi kuliko dawa. Mlezi anayeogopa kudaiwa atasubiri mpaka umpokee simu, na wewe uko kikaoni.

Andika itakuwaje punda akifa. Mlezi apige simu saa ile ile, amwite mwenyekiti wa kitongoji au afisa mifugo aone mzoga, apige picha, na ngozi isiguswe mpaka wafike. Inasikika kama kutomwamini mtu, lakini ina sababu. Biashara ya ngozi za punda imeleta wizi mwingi barani Afrika, hadi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafiki kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mlezi mwaminifu analindwa na kipengele hiki kuliko wewe: akiibiwa au punda akifa kweli, ana shahidi.

Mwenyekiti wa kijiji au kitongoji ashuhudie na agonge muhuri. Mzee, shangazi, binamu, hata awe nani, andikeni. Mimi nilimwambia mjomba wangu hivi: "Mjomba, sikuandikii wewe, nawaandikia watakaobaki tukiondoka." Alicheka, akasaini.

Hatua ya sita: chakula cha kiangazi

Hapa ndipo punda wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Punda asiyefanya kazi hula karibu kilo 2.25 za majani makavu kwa siku, kwa mwenye kilo 150. Anayefanya kazi ni kilo 3 au zaidi. Kuanzia Julai hadi Novemba, siku 150 hivi, punda mmoja anayefanya kazi anahitaji kilo 450. Robota la nyasi likiwa na kilo 15 hadi 18, hayo ni marobota 25 hadi 30. Nunueni au mkusanye Mei na Juni, mabua yakiwa bado yamejaa mashambani. Mwezi wa kumi utalipa maradufu au utakosa kabisa. Mabua ya uwele, ya mtama na ya mahindi yanamfaa, tumbo la punda limeumbwa kwa vitu vikavu na vyenye nyuzi nyingi. Majani ya karanga yaliyokaushwa ni chakula kizuri zaidi, hasa kwa anayenyonyesha. Yote yahifadhiwe juu ya kichanja, mbali na ardhi na mvua ya kwanza.

Mtama una jambo lake. Mabua makavu hayana neno, lakini machipukizi yanayoota baada ya kuvuna, hasa mvua ikinyesha kidogo halafu jua likachoma, yana sumu inayoua mifugo haraka. Mlezi wa Kigogo analijua hili kwa ng'ombe. Mkumbushe kwamba na punda yumo.

Mahindi na pumba zilizoota ukungu zisitumiwe hata njaa ikiwa kali. Kuna ukungu wa mahindi ambao sumu yake hushambulia ubongo wa punda na farasi: anaanza kuzunguka duara, anagonga ukuta kwa kichwa, haoni, anakufa kwa siku moja au mbili, na hakuna dawa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yenye ukungu. Huo ni ukungu wa aina nyingine, lakini chanzo ni kile kile, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Yale ambayo familia imeyakataa, mara nyingi huishia kwenye karai la punda. Liseme waziwazi siku ya makubaliano.

Chakula cha kuku cha dukani asipewe kamwe. Baadhi huwekwa dawa ya kuzuia kuhara damu kwa vifaranga, na moja ya dawa hizo, monensini, huharibu moyo wa punda hata kwa kiasi kidogo. Mlezi mwenye banda la kuku afunge mifuko yake mbali.

Na mifuko ya plastiki. Marufuku ya Juni 2019 imepunguza sana, lakini vifungashio vidogo bado vimetapakaa kwenye majalala, na punda mwenye njaa huvimeza. Hujikusanya tumboni mpaka njia inaziba. Njaa ndiyo inayompeleka jalalani. Nyasi zikiwepo hapiti huko.

Chumvi ya mawe ya kulamba awekewe. Basi.

Hatua ya saba: wiki mbili za kwanza

Mpigie mlezi kila siku. Usiulize kama punda hajambo. Uliza: amekula jana jioni? Amemaliza? Mavi yake yalikuwa mangapi asubuhi, makavu au laini? Maswali ya namna hiyo hayajibiwi kwa "mzima". Akisema hajala kwa siku nzima, siyo suala la kungoja kesho. Aite daktari leo, na wakati akimngoja ampe punda chochote anachokipenda, majani mabichi, maganda ya ndizi, ilimradi kinywa kiendelee kutafuna.

Kazi isianze katika wiki mbili hizo.

Hatua ya nane: kumtembelea

Angalau mara moja kwa mwezi, na kiangazi mara mbili. Nenda asubuhi kabla hajaenda kazini. Punda huficha maumivu kwa ustadi mkubwa, hagaragari wala halii kama farasi mwenye tumbo linalouma. Husimama tu, kichwa chini, masikio yameanguka pembeni, amejitenga. Wageni huona punda mtulivu. Wewe uone punda mgonjwa.

Pitisha kamba yako kifuani. Pitisha mkono kwenye mbavu: uzisikie kwa kubonyeza kidogo, usizione kwa mbali. Ondoa shogi (mfuko wa mizigo wa mgongoni) na matandiko, uguse mgongo wote. Akishtuka pahala, hapo pameanza kuumia hata kama nywele bado zipo. Inua kwato, zikwangue kwa kijiti, unuse. Harufu ya uozo msimu wa mvua ni dalili ya kwato kuoza chini. Ardhi yetu ngumu husugua kwato za punda anayetembea, lakini aliyefungwa mahali pamoja anahitaji kukatwa kwato kila baada ya wiki 6 hadi 10 na mtu anayejua.

Kwa wenye kipimajoto: joto la kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.8, kupumua mara 12 hadi 28 kwa dakika akiwa ametulia kivulini.

Matatizo yakitokea

Kidonda cha mgongo. Dawa ya kwanza ni kuacha kazi mpaka ngozi na nywele vioteane tena, inaweza kuchukua wiki kadhaa. Osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, kizuie nzi, na usimruhusu mtu apake oili chafu ya gari. Usikubali mzigo urudi juu ya kidonda kilichofunikwa gunia. Kama mlezi anamtumia punda kupata mkate, mlipe pesa kwa wiki hizo ili asishawishike. Hii ni gharama ya mwenye punda, na ni heri niilipe kwa moyo mweupe kuliko kumlaumu mtu ambaye watoto wake wanasubiri unga.

Kukonda. Anza na maji, kisha chakula, kisha meno, kisha minyoo. Watu wengi huanza na minyoo kwa sababu ni rahisi kununua dawa. Kama mlezi yuko pande za misitu ya Manyoni kwenye ndorobo, mwambie daktari apime damu kutafuta nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo hao.

Kupe. Hili niliseme kwa nguvu. Mlezi siku ya josho huwachukua wanyama wote pamoja na kumwogesha punda dawa ya ng'ombe. Dawa nyingi za majosho zina amitrazi, nayo husimamisha matumbo ya punda na farasi. Chakula kinaganda ndani, tumbo linajaa, na anaweza kufa siku chache baadaye bila mtu kuunganisha kifo hicho na josho. Soma lebo ya chupa. Ikiandikwa amitrazi, punda abaki nyumbani, akaondolewe kupe kwa mkono au kwa dawa nyingine atakayoichagua daktari.

Mabishano na mlezi. Leta daftari, leta kamba, leta picha, mkae chini ya mti, na uanze kwa kusikiliza. Mara nyingi utagundua maji yaliisha mwezi wa tisa na yeye aliona haya kukuambia. Ikishindikana, mwenyekiti wa kijiji aliyeshuhudia anakuwa wa kwanza, kisha mtendaji wa kata pamoja na afisa mifugo. Pale palipo na mateso ya makusudi, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na punda ni mnyama mbele ya sheria hiyo kama ng'ombe alivyo. Dai la thamani yake linaweza kufika Mahakama ya Mwanzo. Lakini kwanza mtoe punda pale, leo hii, hata kama shauri litachukua miezi.

Kama ulichonacho ni farasi

Mengi yaliyotangulia yanamhusu, isipokuwa moja linazidi uzito. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi wanaouma jioni na usiku, hasa msimu wa mvua. Punda mara nyingi huupata bila kuugua. Farasi asiyechanjwa hufa kwa wingi. Usimweke farasi kati ya punda bila kupanga chanjo na daktari, na jioni alale ndani ya banda lenye wavu. Punda pia huweza kumwambukiza minyoo ya mapafu.

Kumrudisha nyumbani

Siku ya kumchukua, pimeni tena kwa kamba ile ile, mkiandika kwenye daftari zote mbili, na mlipane palepale kilichobaki. Kama alipata mwenzake wa karibu huko, zungumzeni na mlezi kuhusu kumnunua mwenzake huyo. Ni gharama, lakini itakuepusha na ile hatari ya kugoma kula. Asafirishwe asubuhi, akiwa amekunywa maji, na gari lisiwe na sakafu ya chuma inayoteleza. Mwaga mchanga au tandika nyasi chini.

Akifika, mpe maji kwanza na majani aliyozoea kwa mlezi, umechukua mzigo mmoja kutoka kule makusudi, ukayachanganya na ya kwako kidogo kidogo kwa siku saba. Siku hizo zote shogi libaki limetundikwa ukutani.